Azimio la Kazi la Mwalimu Mwenyewe

Kila mwanachuo wa ualimu, kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya watoto katika mazoezi ya kufundisha, hana budi kuonyesha vitu viwili vilivyoandikwa kwa mkono wake: azimio la kazi na andalio la somo. Sisi wakufunzi humwuliza: Utafundisha nini katika muhula huu? Lipi litatangulia na lipi litafuata, na kwa sababu gani? Utajuaje ya kuwa watoto wameelewa? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo tunamrudisha mezani akaandike upya, na hapana anayetulaumu kwa kufanya hivyo.

Lakini ni wanachuo wangapi wawezao kuyajibu maswali hayo hayo juu ya masomo yao wenyewe? Ratiba wamepangiwa. Kengele ikilia huingia darasani, hunakili yaliyoandikwa ubaoni, hungoja mtihani, na baada ya mtihani husahau. Mtu wa namna hiyo huwaandalia wengine safari, ilhali yeye mwenyewe anasafiri kama furushi lililofungwa juu ya basi: linafika liendako, lakini halikuiona njia.

Maoni yetu ni kwamba kila mwalimu-mwanafunzi anapaswa kuwa na azimio la kazi la masomo yake mwenyewe, lililoandikwa, lenye sababu, na lililozungumzwa na mkufunzi. Ili kulieleza jambo hili tutavitazama vyuo vya namna fulani vilivyoko Marekani, ambako kwa muda wa zaidi ya miaka 150 watu wamebishana juu ya swali moja: je, mwanafunzi achaguliwe masomo, au achague mwenyewe? Hatuvitazami ili tuviige kama kasuku. Twavitazama kwa kuwa huko swali hili limejaribiwa kwa kila njia, na matokeo ya majaribio hayo yanaweza kumfaa hata mwanachuo ambaye maishani mwake hatakanyaga nchi ile.

Maana ya sanaa huria

Vyuo tunavyovisema huitwa vyuo vya sanaa huria. Neno "sanaa" lisimpotoshe msomaji akadhani ni vyuo vya uchoraji, uchongaji na ngoma. Jina hili asili yake ni Kilatini cha Warumi wa kale, nao walikuwa na maana ya elimu zinazompasa mtu huru, yaani asiye mtumwa. Katika shule za Ulaya za zama za kati elimu hizo zilihesabiwa kuwa saba. Tatu zilihusu maneno: sarufi, mantiki na balagha. Nne zilihusu idadi na vipimo: hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota.

Siku hizi chuo cha sanaa huria ni chuo kidogo, aghalabu chenye wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu, kinachotoa shahada ya kwanza kwa muda wa miaka minne. Humo mwanafunzi huweza kusoma biolojia, historia, lugha, hisabati, falsafa, uchumi na muziki bila kufungwa mapema katika kazi moja. Amherst na Williams katika jimbo la Massachusetts, Swarthmore katika Pennsylvania, Grinnell katika Iowa na Pomona katika California ni baadhi ya vyuo hivyo.

Sisi hatuna haja ya kuirithi dharau ya Warumi kwa kazi ya mikono. Katika mwongozo wake wa mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliikataa elimu inayomtenga msomi na jembe. Wala Wamarekani wote hawakuirithi dharau hiyo. Katika chuo cha Berea, kilichoanzishwa mwaka 1855 katika jimbo la Kentucky, wanafunzi hawalipi ada ya masomo, na kila mmoja wao hufanya kazi walau saa 10 kwa juma pamoja na kusoma kwake. Linalotufaa sisi katika jina lile la kale ni wazo la uhuru tu: kwamba aliyeelimika ni yule awezaye kuiongoza akili yake mwenyewe.

Mabishano ya lazima na hiari

Hapo mwanzo hapakuwa na uchaguzi. Mwaka 1828 walimu wa chuo cha Yale walitoa taarifa mashuhuri ya kutetea Kilatini, Kigiriki na hisabati kuwa masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya chuo ni kuizoeza akili nidhamu, kisha kuijaza maarifa; nalo zoezi la nidhamu ni kubwa kuliko ujazo.

Mwaka 1869 Charles William Eliot alifanywa mkuu wa Harvard, akakaa katika cheo hicho miaka 40. Yeye aliifungua milango. Lazima moja baada ya nyingine iliondolewa, hata kufikia mwisho wa karne ile karibu masomo yote yakawa ya hiari. Eliot aliamini ya kuwa vijana hutofautiana kwa vipawa, na kwamba mtu hatajifunza kuchagua ila kwa kuchagua.

Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini wapinzani wake waliona jambo lililo wazi kwa kila mwalimu: kijana akiachwa peke yake mbele ya orodha ndefu ya kozi, aweza kuokota moja hapa na moja pale, nyingi za mwanzo mwanzo, akamaliza miaka minne bila kulijua jambo lolote kwa kina. Hapo ndipo A. Lawrence Lowell, aliyeshika mahali pa Eliot mwaka 1909, alipoleta mpango wa kati na kati. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchimba kwa kina katika fani moja, na kadhalika kuyatawanya masomo yake mengine katika matawi mbalimbali ya elimu. Kina na upana kwa pamoja: huo ndio mtindo ulioenea katika vyuo vingi vya Marekani, vikubwa kwa vidogo.

Hata hivyo vyuo havikukubaliana vyote. Chuo cha Amherst, kilichoanzishwa mwaka 1821, leo hakimlazimishi mwanafunzi kutawanya masomo yake. Anatakiwa kuhudhuria semina ya mwaka wa kwanza na kutimiza masharti ya somo lake kuu. Mengineyo hadi kufikia kozi 32 ni uchaguzi wake. Kwa upande wa pili kabisa kipo chuo cha St. John's cha Annapolis, jimbo la Maryland. Tangu mwaka 1937 chuo hicho kimeshika mpango mmoja kwa wanafunzi wote. Hapana somo kuu. Wote husoma vitabu vikubwa vya fikra, kuanzia Wayunani wa kale. Wote husoma hisabati, lugha, sayansi ya maabara na muziki.

Jambo moja la St. John's linastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa shule ya msingi. Walimu wa chuo hicho wote huitwa wakufunzi bila kutofautishwa vyeo, nao hutazamiwa kufundisha sehemu zote za mpango ule, si ile tu waliyobobea. Aliyesomea falsafa hufika siku akaingia kufundisha jometri ya Euclid. Aliyesomea fizikia hufundisha Kigiriki. Haoni aibu kujifunza upya, maana ndivyo kazi ilivyo. Je, si hivyo ilivyo kazi ya mwalimu wa Darasa la Tatu, ambaye asubuhi hufundisha hesabu, baadaye sayansi, na mchana kusoma na kuandika?

Basi tukivitazama vyuo hivi viwili, kimoja chenye hiari nyingi na kimoja kisicho na hiari, twaona kwamba pamoja na kutofautiana kwao vinakubaliana katika neno moja. Mwanafunzi anatakiwa ajue kwa nini anasoma anachosoma, na jambo moja linaungana vipi na lingine. Kuchagua si msingi wa mpango. Msingi ni kujua sababu. Kwa hiyo mwanachuo wetu asijitetee akisema, "Mimi sina mpango kwa kuwa ratiba yangu nimepangiwa." Mwanafunzi wa St. John's naye amepangiwa.

Mpango unavyofanywa

Tuseme sasa namna mwanafunzi wa chuo cha sanaa huria anavyoipanga miaka yake minne. Katika vyuo vingi vya aina hii kila mwaka una mihula miwili, na kila muhula ana kozi nne. Jumla ni kozi 32. Kati ya hizo, somo kuu huchukua aghalabu kozi 8 hadi 12, yaani robo hadi thuluthi na zaidi kidogo. Zinazobaki ni za kupanua akili. Kwa desturi mwanafunzi hulitaja rasmi somo lake kuu ifikapo mwisho wa mwaka wa pili, si siku ya kwanza. Amepewa muda wa kuonja kabla ya kushiba.

Lakini muda huo una mtego, na hapa ndipo mpango unapohitajika. Masomo mengine ni kama ngazi: hupandi kipandio cha nne bila kupita cha tatu. Anayefikiri huenda akasoma fizikia hana budi kuanza hisabati na fizikia katika mwaka wa kwanza, maana kila kozi ndiyo ufunguo wa inayofuata. Akingoja hadi mwaka wa tatu, miaka itakwisha kabla ngazi haijakwisha. Vivyo hivyo anayetaka kwenda kusoma katika nchi ya kigeni mwaka wa tatu, kama wengi wafanyavyo, lazima aanze lugha ya nchi hiyo mapema. Historia na fasihi humsubiri mtu kidogo; hisabati na lugha hazisubiri. Kwa sababu hiyo mwanafunzi mwangalifu huandika miaka yote minne katika karatasi moja tangu mwanzo, akijua kwamba ataibadilisha. Haandiki ili afungwe na karatasi ile. Aandika ili aone mapema mlango gani utafungwa akichelewa.

Wala hafanyi hayo peke yake. Katika chuo cha Grinnell kila mwanafunzi mgeni huingia katika semina ndogo ya mwaka wa kwanza, na ukiondoa somo kuu, semina hiyo ndiyo lazima pekee ya chuo kile. Mwalimu wa semina ndiye anayekuwa mshauri wake wa masomo mpaka siku atakapolitaja somo kuu. Tazama hekima ya utaratibu huo. Anayekushauri ni mtu aliyekwisha kusoma insha zako, akakusikia ukijadiliana na wenzako, akajua udhaifu wako uko wapi. Uhuru mkubwa umefungwa pamoja na mazungumzo ya mara kwa mara kati ya mwanafunzi na mwalimu. Ukiuondoa ushauri ule, uhuru unaobaki ni wa kupotea tu.

Kwa ufupi, mpango mwema una nguzo nne: kina, upana, mfuatano na mashauri.

Mfano wa Wangari Maathai

Msomaji aweza kuuliza kama elimu ya namna hii imewahi kumfaa mtu wa kwetu Afrika Mashariki. Mfano upo, tena ni wa mtu ajulikanaye. Mwaka 1960 msichana wa Kikenya aliyejulikana baadaye kwa jina la Wangari Maathai alikwenda Marekani, mmoja wa vijana wengi wa Kenya waliosafiri kwa jitihada alizoongoza Tom Mboya. Aliingia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na masomo yake ya pili yalikuwa kemia na Kijerumani. Alihitimu mwaka 1964, akaenda kupata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Biolojia na kemia ni ndugu. Hapana anayeshangaa kuyaona pamoja. Lakini Kijerumani kina uhusiano gani na chembe hai? Mtu mwenye haraka angesema ni kupoteza wakati. Miaka michache baadaye mama huyo alikwenda Ujerumani kuendelea na utafiti wake, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari huko Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hatusemi ya kuwa kozi za Kijerumani ndizo zilizoleta tuzo. La hasha. Twasema tu kwamba anayesoma kwa upana huweka akiba ambayo siku ya kutumika kwake haiandikwi katika muhtasari wowote. Tena twaona kwamba upana wake haukuwa wa kuokota okota: palikuwa na somo kuu moja lililoshikwa imara, na mawili yaliyoongezwa kando yake. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Wao hawakumkataza mtu kutaka zaidi ya moja. Walimkataza kutaka bila mpango.

Pingamizi mbili

Tunatazamia kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza: vyuo vile ni vya matajiri. Ni kweli kwamba ada za vingi ni kubwa mno, japokuwa vipo vinavyowasaidia maskini, na kwamba hata huko Marekani wanaosoma humo ni sehemu ndogo tu ya wanafunzi wote. Vina walimu wengi kwa wanafunzi wachache, vina maktaba kubwa, vina mabweni mazuri. Mkufunzi wetu mwenye wanachuo mia hawezi kukaa na kila mmoja kila juma. Hayo twayakubali bila kuuma maneno. Lakini daftari la kupangia masomo halina bei ya chuo kikuu, na mazungumzo ya robo saa mara mbili katika muhula hayahitaji jengo jipya. Tukishindwa kuazima nyumba, tusikatae kuazima kamba ya kupimia.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi: mwalimu wa shule ya msingi anaandaliwa kwa kazi moja iliyo dhahiri, ya nini kumpanua? Mwacheni ajue mbinu za kufundisha, inatosha. Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na wenye maoni hayo, maana wanaoumia si wanachuo, bali ni watoto.

Chukua mfano wa kugawanya sehemu. Mwalimu huwaambia watoto: geuza ya pili, kisha zidisha. Watoto hugeuza na kuzidisha, na jibu hutoka sawa. Mtoto mmoja huinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwa nini tunageuza?" Mwalimu aliyesoma kwa ajili ya mtihani hana la kujibu ila "ndiyo kanuni". Aliyechimba kwa kina atachukua machungwa matatu, ayakate nusu nusu mbele ya darasa, na awaulize: nusu ngapi zimo katika machungwa matatu? Ni sita. Basi kugawanya 3 kwa nusu ni sawa na kuzidisha 3 kwa 2. Kisha atawauliza: thumuni ngapi zimo katika robo tatu? Watoto wataona ya kuwa kila robo ina thumuni mbili, na jibu ni 6. Mbinu ya kutumia machungwa haitamjia mtu asiyejua sababu ya kanuni. Zana bila maarifa ni mapambo.

Au chukua somo la majira. Katika kitabu mtoto anasoma kwamba kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na Machi, na kusi huanza kushika nguvu baada ya hapo, kuanzia Aprili au Mei. Mwalimu mwenye upana hataishia hapo. Kutoka katika sayansi atawaeleza kwamba nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari, na kwamba tofauti hiyo ndiyo chanzo cha pepo hizo. Kutoka katika historia atawaonyesha jinsi majahazi ya Arabuni yalivyoshuka pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kutoka katika lugha atawauliza wazee wao huitaje mvua ya masika, na ya vuli huitaje. Somo moja limegusa fani tatu, na mtoto ameona kwamba dunia haikukatwa vipande kama ratiba. Huyo ndiye mwalimu tunayemtaka, naye hatengenezwi kwa mbinu peke yake.

Watoto wa shule ya msingi hawana hiari. Hawachagui somo, hawachagui mwalimu. Mwanafunzi wa Amherst akichoshwa na mwalimu mmoja, muhula ujao atachagua mwingine. Mtoto wa Darasa la Tatu kijijini atakaa na huyo huyo mwaka mzima. Kwa hiyo deni la mwalimu wake ni kubwa kuliko la mwalimu wa chuo chochote.

Azimio la mwanachuo wetu

Basi afanye nini mwalimu-mwanafunzi ambaye ratiba yake imejaa? Kwanza, na atafute saa zilizo zake. Tuseme anaweza kutenga saa moja kila jioni, siku tano kwa juma. Muhula wa majuma 14 utampa saa 70. Katika mihula minne atakuwa na saa 280. Hizo si haba. Kinachozila ni kukosa kuandikwa. Saa isiyo na jina huliwa na maongezi.

Pili, na achukue daftari moja, alitenge kwa kazi hii tu, na katika ukurasa wa kwanza aandike kwa ukweli anayoyajua na asiyoyajua katika masomo atakayofundisha. Asiandike "hisabati ni ngumu". Aandike: "Najua kuzidisha desimali, lakini sijui kueleza kwa nini nukta inahama." Udhaifu uliotajwa kwa jina umekwisha kupungua nusu.

Tatu, na achague somo moja la kuchimba, liwe ndilo somo lake kuu kwa mwaka mzima. Katika saa zile 70 alipe saa 40. Asome zaidi ya kitabu cha kiada. Afanye mazoezi yaliyo juu ya darasa atakalofundisha. Amtafute mkufunzi wa somo hilo. Lengo ni kufika mahali ambapo aweza kulieleza jambo lile kwa njia tatu tofauti, maana darasani njia ya kwanza haiwafikii watoto wote.

Nne, saa 20 azitoe kwa fani mbili zilizo mbali na somo lile. Mpenda sayansi asome riwaya na tenzi. Mpenda lugha afuate kuota kwa mbegu na kupima mvua. Saa 10 zilizobaki ni za kuandika. Kila juma aandike nusu ukurasa kueleza, kwa maneno ya mtoto, jambo moja alilojifunza. Asichoweza kukiandika kwa maneno mepesi ajue hajakielewa.

Tano, na azingatie mfuatano. Yale yaliyo kama ngazi yaanze mapema: hesabu, na lugha ambayo hajaimudu. Yale yanayoweza kusubiri yasubiri. Wengi huanza na wanachokipenda na kukiweka kigumu hadi mwisho, na mwisho ukifika muda umekwisha.

Sita, mara mbili katika muhula alichukue daftari lile kwa mkufunzi, katikati na mwishoni. Na hapa twasema na wakufunzi wenzetu. Mwanachuo akija na daftari lake tusimpe alama. Tumwulize maswali yale yale tunayomwuliza juu ya azimio la darasa: kwa nini hili kabla ya lile? Umejuaje ya kuwa umeelewa? Ni nini kimebadilika tangu tulipoonana? Mkufunzi mwenye wanachuo wengi awagawe katika makundi ya watu watano au sita, na wao kwa wao wasomeane madaftari yao kwanza. Na ingefaa mkufunzi naye awe na daftari lake, alionyeshe. Hawezi kuhimiza jambo asilolifanya.

Azimio hilo litabadilika, na halina ubaya kubadilika. Mwanafunzi wa Marekani huingia chuoni akisema atakuwa daktari, akatoka mwanahistoria. Mradi anajua alichoacha na sababu ya kukiacha, hakupotea. Mwanachuo wetu naye aweza kuanza na hesabu akagundua kwamba kikwazo chake hasa ni lugha ya kuelezea hesabu. Na abadili, aandike tarehe na sababu, aendelee.

Ndugu walimu-wanafunzi, miaka ya chuo ni michache. Miaka ya kazi ni mingi, na huko shuleni huenda hapatakuwa na mkufunzi wa kukuuliza wala kengele ya kukuamsha usome. Atakayeondoka hapa na cheti peke yake, maarifa yake yataanza kuchakaa siku ile ile. Atakayeondoka na cheti pamoja na desturi ya kujipangia masomo, huyo amebeba chuo mkononi. Bandu bandu huisha gogo. Daftari ni la bei ndogo, na jioni ya leo ina saa moja ndani yake. Anzeni na ukurasa wa kwanza.